Visigino vya Milembe

Mwezi uliopita nilimkimbiza hospitalini mtoto mzima. Nafundisha michezo katika shule moja ya msingi hapa Tabora mjini, na mwalimu mwenzangu, kijana aliyeripoti mwaka huu, ana mtindo wa kuwarekodi watoto kwa simu wakikimbia, halafu anaipunguza kasi video mpaka unaona kila mguu unavyoshuka. Siku hiyo alinionyesha msichana wa darasa la sita. "Mwalimu, ona anavyoikatisha mikono mbele ya kifua. Ndiyo maana anachelewa." Mimi sikuiona mikono. Niliona kisigino cha kulia. Kilishuka, kikakaribia chini, kikarudi juu bila kugusa. Hatua iliyofuata vilevile, na iliyofuata.

Niliiacha chai yangu mezani, nikaita bodaboda, nikampakia mtoto mbele yangu hata mwalimu mkuu sijamuaga. Hospitalini daktari akaugeuza wayo, akachukua koleo dogo, akachomoa mwiba. Basi, ilikuwa ni hivyo tu. Tangu siku hiyo ofisi ya walimu inaniita Daktari wa Miiba, na mimi nacheka nao kwa sababu kweli inachekesha. Ila jioni ile nilipofika nyumbani nilijifungia bafuni, nikafungulia bomba wanangu wasinisikie, nikalia mpaka ndoo ikafurika.

Kwetu ni upande wa Kwihara. Nyinyi wa rika langu mliokulia huko mnaujua mchanga ninaousema, ule mweupe laini ambao mvua huusomba kutoka mashambani na kuulaza njiani, ukikauka unapita peku na kuacha hata mkunjo wa kidole. Baba yangu alikuwa mrina asali. Alitoka asubuhi na baiskeli kwenda porini kwenye mizinga yake, akarudi jioni ananuka moshi na nta, na kabla hajaingia ndani, kabla hajapokea maji ya kunywa, aliisoma njia. Wenzetu baba zao walisikiliza taarifa ya habari. Wa kwetu alichuchumaa mchangani.

Alijua nani kapita na kabeba nini. Mwanamke mwenye ndoo kichwani, alisema, hatua zake ni fupi na visigino vinazama. Mlevi hukanyaga kwa kutanua miguu akitafuta ardhi. Mtu aliyegombana na mkewe huchimba kwa vidole akiondoka, na baba alikuwa akitutajia jina la mgombanaji mpaka mama anamkataza. Ujuzi huo alisema ni wa ukoo. Babu yake alikuwa mpagazi, mmoja wa wale waliobeba pembe begani kutoka Unyanyembe mpaka pwani, na kwa jinsi baba alivyohadithia, mkuu wa msafara hakuwachagua watu kwa vifua. Aliwapitisha juu ya majivu yaliyotandazwa, akatazama nyayo, akajua nani atafika na nani ataachwa njiani. Sijui kama ni kweli. Baba alisimulia kama vile alikuwepo.

Alituita mayu, yaani mama, mimi na dada yangu, kama Wanyamwezi wanavyowaita mabinti zao kwa heshima ya mama. Dada yangu alikuwa Milembe. Alikuwa darasa la saba, mimi la pili, na kati yetu mama alikuwa amezika wavulana wawili wachanga. Kwa hiyo Milembe alinilea mgongoni, na hata nilipokuwa mzito wa kubebwa aliendelea kunibeba, akilalamika njia nzima.

Alikimbia vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, na sasa nimeona wengi. Kuanzia kiunoni kwenda juu hakutikisika. Kichwa kilisonga mbele kwa usawa mmoja, miguu ikifanya kazi yote huko chini. Mwalimu wa michezo alisema huyu anakimbia kama bado ana ndoo kichwani, na hakusema kwa ubaya. Alikuja nyumbani siku moja ya Jumapili, akakaa, akaamkiana na wazazi, akawaeleza kwamba baada ya mavuno kutakuwa na mashindano ya shule, na kwamba shule moja ya bweni ya wasichana itatuma mtu kutazama wakimbiaji. Atakayeshinda atachukuliwa.

Kwa Milembe mlango ulikuwa huo huo mmoja. Hesabu zilikuwa zikimpiga chenga tangu darasa la tatu, na wote tulijua mtihani hatapita. Tena kulikuwa na familia moja yenye ng'ombe wengi huko Choma iliyokuwa imeshaanza kuulizia, kwa adabu zote, kama binti mkubwa wa nyumba ile ana mtu. Mama alisema ni watu wema. Baba alisema bado ni mtoto, na kesho yake asubuhi akakata tawi lenye majani, akafagia kipande cha njia mbele ya nyumba yetu mpaka kikawa safi kama ukurasa wa daftari jipya.

Ndivyo mazoezi yalivyoanza. Baba alifagia asubuhi akaenda zake porini. Milembe akitoka shule alikimbia mpaka kwenye daraja na kurudi, mara nne, na ile mara ya mwisho alipita juu ya mchanga uliofagiliwa. Watu wengine tuliwaomba wapite pembeni, na kwa kweli walipita, kijiji kizima kilijua. Jioni baba aliegemeza baiskeli, akachuchumaa na kijiti alichokikata kwa kipimo cha hatua ya Milembe.

"Hapa ulichoka," alimwambia. "Ona hatua ilivyopungua vidole viwili. Na hapa uligeuka nyuma. Bega lilipogeuka nyonga ikafuata, kidole gumba kikachimba pembeni. Ulikuwa unamtazama nani?"

"Mbwa, baba."

"Mbwa atakuona mwenyewe. Wewe tazama mbele."

Mimi nilichuchumaa karibu yake nikajifunza. Nilijua kwamba mkimbiaji mzuri huacha alama mbili zinazofanana, ya kushoto na ya kulia, na kwamba ya upande mmoja ikiwa nyepesi basi mtu huyo anabania nguvu, anategea. Hivyo ndivyo baba alivyotuambia, na alikuwa amempa Milembe onyo moja tu. "Nikiona unategea, mbio basi. Utakwenda kulima karanga na mama yako, na wale wa Choma nitawajibu."

Karanga zilikuwa zimeanza kutoa maua nilipoona kisigino cha kulia kimepungua. Siku ya kwanza kilikuwa hafifu. Wiki iliyofuata kikawa hakipo, mguu wa kulia unaacha vidole na sehemu ya mbele ya wayo tu, huku wa kushoto umezama kupita kawaida. Nilikuwa nimetangulia kufika pale, baba bado hajarudi. Nilitazama zile alama, moja baada ya nyingine. Dada yangu anategea. Baba ataona, ataacha kufagia, Milembe ataolewa Choma na mimi nitabaki peke yangu.

Sikumbuki kufikiri zaidi ya hapo. Nilipiga magoti, nikabonyeza sehemu ya chini ya kiganja changu mchangani, pale karibu na kifundo cha mkono, na ikatoka alama ya duara inayotosha kabisa kuwa kisigino cha msichana. Nikaenda kwenye unyayo wa pili. Nilikuwa kwenye wa tano au wa sita kivuli kiliponifunika.

"Unafanya nini?" Milembe akauliza.

"Naweka visigino."

Alitazama njia juu na chini. Nilijua nitachapwa. Badala yake akainama, si kwa kuchuchumaa kama mimi, aliinama mguu mmoja ameunyoosha pembeni, na mimi nikadhani ndivyo wakimbiaji wanavyoinama.

"Unabonyeza katikati," akasema. "Mtu hakanyagi katikati. Anaanza huku nje, halafu uzito unaingia ndani mpaka kwenye kidole gumba. Bonyeza nje."

Nikabonyeza nje. Kweli ikafanana zaidi.

"Dada, unategea?"

"Ndiyo. Nategea. Usimwambie baba."

Nilimwamini. Nilimkasirikia hata, kwa uvivu wake, na nilimpenda vilevile, na kila siku baada ya shule nilikwenda kuweka visigino. Nikawa fundi. Nilijua nizamishe kiasi gani kulingana na unyevu wa mchanga. Jioni baba alichuchumaa, akapita na kijiti chake, na mimi nilisimama nyuma yake nimeificha mikono kwenye gauni. Akasema, "Vizuri, mayu." Akasema hivyo kila jioni, na maneno yake yakazidi kuwa machache, na mimi nikaona nimefanikiwa.

Mambo mengine niliyaona na kuyasoma kinyume. Tukioga kisimani niliona goti lake la kulia limekuwa kubwa kuliko la kushoto, linang'aa. Aliniambia ni msuli wa mbio. Nikautamani. Kila asubuhi nililipima goti langu kwa viganja viwili kuona kama na lenyewe limeanza, na nilihuzunika kuwa bado jembamba. Nikaona pia kwamba akikimbia anauma pindo la khanga aliyojifunga kifuani juu ya sare. Nikaamini hiyo ndiyo siri ya kasi. Nilizunguka nyumba mbio na khanga ya mama mdomoni, na mama akanicheka mpaka akakaa chini, na Milembe naye akacheka, mgongo kaegemeza ukutani.

Siku ya mashindano baba hakwenda porini. Alivaa viatu. Tulitembea wote mpaka kwenye kiwanja, na Milembe alitembea nyuma yetu akisema anahifadhi nguvu. Mbio zake zilikuwa za mizunguko miwili. Yule mwanamke wa shule ya bweni alikuwa amekaa kivulini na daftari, mwalimu wetu alituonyesha kwa kidevu ili tusimtazame sana.

Mzunguko wa kwanza alikuwa wa tatu. Wa pili akawapita wote wawili kwenye upande ulionyooka, na nilimwona vizuri alipopita mbele yetu, pindo kati ya meno, macho yake hayamtazami mtu. Baba alisema kwa sauti ya chini, "Sasa. Sasa." Leo nawafundisha watoto kwamba kwenye kona mwili hulalia ndani na mguu wa nje ndio unaosukuma, ndio unaobeba. Wa nje ulikuwa wa kulia. Aliingia kona ya mwisho yuko mbele peke yake, akasukuma, na mguu ukakataa. Hakuguswa na mtu. Alianguka kwa upande, wenzake wakampita, na mpaka wamalize mbio hakuna aliyeelewa kwa nini hainuki.

Hospitalini walisema mfupa ulikuwa umeliwa kwa ndani, juu ya goti, tangu zamani. Nilikuwepo nimeshika kopo la uji. Daktari aliuliza, "Alianza lini kuchechemea?" Mama alimtazama baba, kwa sababu mambo ya mwendo yalikuwa yake.

"Hakuchechemea," baba akasema. "Mimi nyayo zake naziangalia kila siku, daktari. Hakuchechemea."

Daktari akaandika. Kisha akasema kwa upole, pengine kwa sababu na yeye alikuwa baba wa mtu, kwamba ugonjwa huu ukiwahiwa miezi miwili mitatu nyuma huwa kuna la kufanya zaidi. Nilikuwa na miaka minane lakini kuhesabu miezi nilijua. Nilirudi nyuma kidole kwa kidole, mavuno, kukauka kwa majani, maua ya karanga.

Walimpeleka hospitali ya mbali, wakaukata mguu, akarudi na magongo. Njia ikapata alama mpya ambazo hakuna aliyezisoma, unyayo mmoja na matundu mawili ya duara. Baba hakufagia tena. Siku moja tumekaa nje, Milembe akanivuta sikio kama alivyokuwa akifanya nikiwa mchafu, akasema, "Yale ya visigino usije ukamwambia baba. Hata nikiwa sipo. Atakuona wewe ndiye mwenye kosa." Nikaapa. Mvua zilipoanza kunyesha tulikuwa tumeshamzika, nyuma ya nyumba, karibu na wale wavulana wawili. Ni yeye aliyekuwa akiniambia majina yao.

Baada ya hapo baba alianza kupita majanini. Njia ipo, mchanga mzuri, yeye anaisukuma baiskeli pembeni kwenye nyasi zinazomchoma miguu. Nilijiambia anaona uchungu kukanyaga alipokanyaga mwanawe. Nami kila nilipomwona huko kwenye nyasi nilitaka kukimbia nimwambie ni mimi, baba, mikono hii, wewe ungeona, mimi ndiye niliyekufumba macho. Sikusema. Nilisoma, nikawa mwalimu, nikaolewa, nikazaa mabinti wawili ambao siwezi kuwatazama wakitembea bila kuhesabu. Sikusema.

Kisa cha mwiba ndicho kilichonishinda. Wiki ile ile, siku ya Jumamosi, nilikwenda nyumbani. Mama alikuwa msibani kwa jirani. Baba sasa ni mzee, macho yameingia ukungu, porini haendi, ana mizinga mitatu nyuma ya nyumba anayoitunza kwa kupapasa. Nilimkuta amekaa kwenye kiti akichonga mfuniko wa mzinga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mayu. Umekuja na haraka. Nimekusikia tangu kule kwenye kona."

Nikakaa chini kwenye mkeka. Nikamwambia yote, bila kupumzika, kwa sababu nilijua nikipumzika nitaishia njiani. Nilimwambia maua ya karanga, kiganja, namna ya kubonyeza nje. Sikumtaja Milembe kwamba alijua, hilo nililibakiza. Yeye aliendelea kuchonga, kisha akaacha, kisu kikabaki juu ya goti lake.

"Kisigino cha mtu hakina mistari ya kiganja," akasema.

Sikuelewa. Au nilielewa na nikataka arudie.

"Mchanga ule ulikuwa laini sana, mayu. Mkono wako wote ulikuwa mle. Mpaka ile alama ya kovu la pale ulipoungua na chungu. Niliona siku ya kwanza."

"Siku ya kwanza?"

"Siku ya kwanza. Nikaangalia pia ulipoanza kuweka, nikajua wapi mguu umekataa kushuka. Nikajua si kutegea. Anayetegea kisigino chake huwa chepesi, ila kinagusa. Yule alikuwa anakimbia kwa nguvu zake zote na mguu mmoja unakataa." Akaupapasa mfuniko wa mzinga. "Nikasema mavuno yako karibu. Akishaipata ile nafasi tutampeleka akatazamwe. Nikasema ni goti tu, watoto wanakua. Kila jioni nilisema kesho. Nilitaka ashinde."

Nilikuwa nimekwenda kule kutua mzigo, nikakuta mwenzangu amebeba wa kwake miaka yote hiyo kwenye nyumba ileile. Nilimkasirikia. Lazima niseme ukweli, kwa dakika nzima nilimchukia yule mzee kwenye kiti kuliko nilivyowahi kujichukia mwenyewe. Nilikuwa na miaka minane. Yeye alijua kusoma. Kisha nikaona mikono yake inavyotafuta kisu kilichokuwa palepale juu ya goti, na hasira ikaniishia, nikabaki nimechoka tu.

"Nimeogopa kukuuliza kitu," akasema. "Wewe ulikuwa naye kila siku akikimbia. Mimi nilikuwa porini. Alikuwa akiumia?"

Jibu la huruma nililijua. Nilikuwa nalo mdomoni, jepesi, lingemfaa, lingempa usingizi. Nikamkumbuka Milembe na pindo la khanga kati ya meno yake.

"Alikuwa akiumia, baba."

Akatikisa kichwa polepole. "Mwishoni, kwenye kona ile?"

"Hapana. Kila hatua."

"Kila hatua," akarudia, uso ameugeuzia kule njiani ambako hawezi tena kuona. "Kila hatua ya mguu wa kulia?"

"Kila hatua."